Mkataba wa Kuku na Paka

Hapo kale Kuku mmoja wa Kariakoo, mwenye banda Mtaa wa Mkunguni, alichoshwa na panya waliokuwa wakimwibia mayai. Akapatana na Paka awe mlinzi wa usiku. Sharti lilikuwa moja, na Paka alilitamka mbele ya Jogoo: "Kuanzia leo, Mama, naacha kula vifaranga."

Majirani wakamwambia Kuku asitosheke na ahadi ya mdomo. Akavuka Barabara ya Morogoro pale Fire, akaingia Upanga kwa Kunguru, karani aliyejenga kiota juu ya mwarobaini kando ya Barabara ya Umoja wa Mataifa. Mababu wa Kunguru waliletwa Unguja kutoka India mwishoni mwa karne ya 19, naye alijisifu kwamba Kiingereza amezaliwa nacho.

"Mkataba wa Kiswahili hauna uzito," akasema, kisha akaandika kwamba Paka "will stop to eat chicks." Kuku hakuelewa hata neno moja. Alipouona mhuri akaridhika, akachovya ukucha kwenye wino, akatia alama.

Alfajiri vifaranga watatu hawakuonekana. Kesi ikapelekwa kwa Mzee Kobe.

"Mheshimiwa, nimetii karatasi," Paka akasema, akilamba sharubu. "Nilizunguka banda lote. Nilipofika kwa vifaranga nikasimama, nikala."

Kobe akasoma taratibu, akainua shingo. "Kunguru, ungeandika 'stop eating', Paka angelazimika kuacha kula. Wewe umeandika 'stop to eat', yaani asimamishe kazi ili ale. Vitenzi ni vilevile. Umbo la kitenzi cha pili ndilo lililogeuza katazo likawa ruhusa."

"Lakini nia tuliijua sote!" Jogoo akamaka.

"Alama imetiwa chini ya maandishi, haikutiwa chini ya nia," Kobe akajibu.

Paka akashinda kesi, Kunguru akabaki na ada yake, Kuku akarudi Kariakoo kuhesabu vifaranga waliosalia.

Mwaka 2021 Tanzania ilirekebisha sheria zake, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Hata hivyo, mikataba mingi ya pango na ya mikopo bado humfikia mwananchi kwa Kiingereza, na herufi chache tu zinatosha kumwondolea haki yake. Anayekuletea karatasi usiyoielewa, mwambie akuandikie kwa Kiswahili. Akikataa, usitie dole gumba.