Maksai Wangu Alipimwa Akiwa Marehemu

Kwa Ndugu Meneja wa Ununuzi wa Mifugo,
Kiwanda cha Nyama (jina nimelihifadhi, kama mnavyohifadhi malipo yangu).

Yah: SHUKRANI KWA SOMO LA BIASHARA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa hesabu, sasa mfugaji, mkazi wa Wilaya ya Igunga mkoani Tabora. Nakuandikia kukushukuru. Kwa miaka mingi wataalamu wamekuwa wakija kijijini kwetu, wanakaa kivulini, wanatuambia kwamba sisi wafugaji hatujui biashara. Tunapenda ng'ombe kuliko fedha. Tunahesabu vichwa badala ya kilo. Tunauza kwa bei ya macho minadani ilhali wenzetu wanauza kwa mzani viwandani. Kila hotuba inatukumbusha kwamba nchi hii ni ya pili Afrika kwa wingi wa ng'ombe baada ya Ethiopia, kisha inatukaripia kwa kuwa nao. Basi nikasema mwaka huu na mimi nitakuwa mfanyabiashara. Nikaja kwenu.

Kielelezo cha barua hii ni maksai aliyeitwa Bwana Shamba. Jina hilo alilipata kwa haki: misimu saba alivuta plau kwenye majaruba yangu, na hapa kijijini hatujawahi kupata bwana shamba mwingine aliyefika shambani mara nyingi kiasi hicho. Mwenzake katika nira anaitwa Katibu. Huyo nitamrudia.

Siku ile nilimpeleka Bwana Shamba mnadani kama kawaida. Naomba nikueleze mnada ulivyo, maana nadhani wewe unaujua kwa ripoti. Unafika asubuhi, vumbi limeshapanda, ng'ombe wanalia, madalali wanalia zaidi. Mchuuzi anakuja, hakusalimii wewe kwanza, anamsalimia ng'ombe. Anabinya shina la mkia kuona mafuta. Anapitisha kiganja mbavuni. Anatazama nundu imesimama au imelala. Anamfungua mdomo anahesabu meno, akikuta manane anatikisa kichwa kama daktari aliyekuta ugonjwa mbaya. Halafu anataja bei ya kukutukana. Unacheka. Anaondoka. Anarudi. Anaondoka tena, safari hii polepole ili umwite. Usipomwita, saa tisa alasiri atarudi mwenyewe, kwa sababu anajua jua linakwenda, kwenu ni mbali, na una ada ya mtoto.

Huyu mtu ni mwizi, simkatalii mtu. Lakini na mimi si malaika. Usiku uliotangulia nilimlambisha Bwana Shamba chumvi ya kutosha, na alfajiri nikampitisha bwawani akanywa hadi tumbo likawa ngoma. Mchuuzi anajua, na mimi najua kwamba anajua. Kila mmoja anaibiwa mbele ya macho yake, mchana kweupe, na ikifika bei ya mwisho tunashikana mikono. Bei ya mwisho ya siku ile ilikuwa shilingi 930,000, noti mkononi mwake, naziona.

Ndipo akatokea kijana wenu. Shati lina nembo, mkononi ana tableti. Adabu tele. "Shikamoo mzee." Marahaba. "Mzee wangu, unataka kuuzia hawa walanguzi? Sisi tunalipa kwa kilo." Akaomba maksai apite kwenye mzani wa mnada. Kilo 310. (Nakiri hapa hadharani kwamba kama kilo 12 hivi zilikuwa maji ya bwawa.) Kijana akanifafanulia kwa upole, kama mimi nilivyokuwa nikiwafafanulia watoto wa darasa la nne: ng'ombe akishachinjwa na kuchunwa, nusu ya uzito wake inabaki nyama na mifupa. Nusu ya 310 ni 155. Kiwanda kinanunua kilo kwa 6,500. Fanya hesabu mwenyewe, mwalimu. Nikafanya: 1,007,500. Yaani 77,500 zaidi ya mchuuzi. Nikamwambia mchuuzi, kwa sauti ili wote wasikie, kwamba zama za bei ya macho zimekwisha.

Lori lenu likampakia Bwana Shamba na wenzake saa kumi na moja jioni. Nilipanda mbele na dereva. Usiku kucha nikisikia nyuma vishindo vya ng'ombe wanaoangukiana kila tukiingia shimo, na mashimo, Ndugu Meneja, tuliyaingia yote. Tulifika alfajiri. Wakashushwa, wakawekwa zizini bila chakula, wanywe maji tu, kama taratibu za machinjio zinavyotaka. Nikauliza atapimwa saa ngapi. Mlinzi akaniambia anapimwa ndani. Nikauliza mwenye mali anaingia? Akasema hapana, mzee, ni sababu za usafi. Nikauliza bei je? Akasema bei inatoka na nyama.

Nililala nje ya geti kwenye kanga ya mke wangu. Kesho yake nilipewa karatasi iliyochapwa vizuri sana. Sijawahi kuona karatasi safi namna ile ikitoka mahali penye damu. Imeandikwa: uzito wa moto, kilo 143. Punguza asilimia 3 ya kupoa kwenye chumba cha baridi: 138.71. Punguza nyama iliyochubuka na kukatwa, kilo 5.71: inabaki 133. Daraja: la chini, kwa sababu ya umri. Bei ya daraja hilo: 6,000. Jumla 798,000. Punguza usafiri 45,000. Stahili ya mfugaji: 753,000, italipwa ndani ya siku 14 za kazi.

Kama mwalimu wa hesabu niliisahihisha karatasi ile kwa kalamu nyekundu ya mawazo, na nakupa alama zote. Hakuna kosa hata moja la kujumlisha. Michubuko ni ya kweli, aliipata ndani ya lori lenu, lori ambalo mimi ndiye niliyelilipia. Meno manane ni ya kweli pia, isipokuwa kijana mwenye tableti, tofauti na mchuuzi mwizi, hakumfungua mdomo mnadani. Laiti angemfungua, ningeijua bei ya wazee kabla mzee hajapanda lori.

Kuna jambo dogo ambalo halikuwemo kwenye karatasi. Asubuhi ile, kabla haijatoka, nilivuka barabara mbele ya geti lenu. Pale kuna mama anauza supu. Nikaagiza bakuli la makongoro, nikaambiwa ni 2,000. Yalikuwa matamu, yameiva hadi mshipa unanata kwenye midomo. Nikamuuliza mama anapata wapi miguu mizuri hivi. Akaonyesha kwa mwiko: "Hapo hapo kiwandani, kila alfajiri." Nikabaki nimeshika kijiko. Sina ushahidi, Ndugu Meneja, na mahakamani ningeshindwa. Lakini inawezekana nilimlipa mtu mwingine 2,000 ili nile mguu ambao mimi sikulipwa hata senti. Kichwa, miguu, mkia, ini, moyo, utumbo, ngozi: mchuuzi akisema 930,000 anamaanisha ng'ombe mzima kwa mkia wake. Ninyi mkisema "ng'ombe" mnamaanisha kilichoning'inia kwenye ndoano. Kwa hiyo lile neno "nusu" lilikuwa la kweli kabisa. Ni ile nusu nyingine ndiyo ninayoitafuta.

Leo ni siku ya 61 tangu karatasi ile. Naomba nikupongeze kwa teknolojia. Siku hizi tunavalishiwa ng'ombe hereni za kielektroniki, zilianza kwa shilingi 1,750 kila sikio, tukaambiwa zitasaidia kumfuatilia mnyama tangu zizini hadi kwenye sahani ya mlaji. Jambo jema. Bwana Shamba anafuatilika vizuri. Asiyefuatilika ni mhasibu wenu.

Nasikia mnalalamika kwenye semina kwamba kiwanda kinafanya kazi chini ya uwezo wake kwa kukosa ng'ombe, na kwamba kikwazo ni mila za wafugaji. Nami nilikuwa nikiamini hivyo, mpaka nilipokumbuka somo la historia nililokuwa nikilifundisha mwenzangu akiumwa. Mwaka 1938 serikali ya mkoloni kule Kenya iliona Wakamba wana ng'ombe wengi mno, ardhi inamomonyoka, wapunguzwe. Kwa bahati njema ya ajabu, kampuni ya Liebig ilikuwa imejenga kiwanda cha nyama Athi River, nacho kilihitaji ng'ombe, tena wa bei nafuu. Ng'ombe wakakamatwa kwa maelfu na kupigwa mnada kwa lazima. Wakamba wakaondoka, wanaume kwa wanawake na watoto, wakiongozwa na Muindi Mbingu, wakatembea hadi Nairobi na kukaa huko wiki kadhaa wakitaka kumwona gavana. Mbingu alipelekwa kizuizini Lamu, lakini mnada wa lazima ulikoma. Leo katikati ya Nairobi kuna mtaa wenye jina lake, na kwenye mtaa huohuo ipo City Market, maarufu kwa mabucha yake. Watu wale, nakuhakikishia, hawakutembea kwa kuwa wanapenda ng'ombe kuliko fedha. Walikuwa wanajua bei.

Liebig hiyohiyo ilishirikiana baadaye na serikali ya Tanganyika kuanzisha Tanganyika Packers, pale Kawe. Nyama ya kopo ilitoka pale ikasafiri dunia. Ng'ombe wa huku kwetu walikuwa wakipanda behewa kama abiria. Kiwanda kilikufa zamani, jina limebaki kwa makondakta wa daladala na kwenye viwanja, ambako siku hizi hufanyika mikutano ya injili na ya siasa. Yaani eneo halijabadilisha biashara sana: watu wanaingia wakiwa hai, wanaahidiwa, malipo baadaye.

Sasa nieleze mwanafunzi wako amejifunza nini. Mnadani nilikuwa na kitu ambacho sikukijua thamani yake: kamba. Mchuuzi akitaja bei mbaya, ninavuta kamba, ng'ombe anageuka, tunarudi nyumbani. Tutakula vumbi njiani, mke atauliza maswali, lakini ng'ombe ni wangu na bei mbaya imebaki na mwenyewe. Mchuuzi anaijua kamba ile, ndiyo maana anarudi saa tisa. Kwenu bei inatajwa maksai akiwa ameshatundikwa. Ningeikataa ile 753,000 ningefanyaje? Ningemwambia Bwana Shamba ashuke kwenye ndoano, avae ngozi yake, twende zetu?

Mzani wenu ni wa haki, hilo sina shaka. Tatizo ni saa unayofunguliwa.

Kwa kuwa nimeelimika, naomba kujaribu somo hili mwenyewe. Nimeona soseji zenu kwenye duka la mjini, paketi nzuri. Napendekeza niwe nazichukua kwa utaratibu wenu. Nitakuja na gari langu, ninyi mtalipia mafuta. Nitazipeleka nyumbani, tutazipika na kuzila familia nzima, mlango umefungwa, kwa sababu za usafi. Baada ya hapo nitawaandikia uzito halisi, nikitoa maji yaliyotoka kwenye kikaango, nikitoa ngozi ya soseji, nikitoa zile zilizopasuka njiani kwenye gari langu. Nitazipanga daraja kwa jinsi mama watoto alivyozionja. Malipo ni siku 14 za kazi. Msiwe na wasiwasi kuhusu fedha zenu. Zitatoka pamoja na choo.

Au kuna njia nyingine, ambayo naogopa itaonekana ya kishamba. Mpimeni ng'ombe akiwa hai, mimi nikiwa nimeshika kamba. Mfungueni mdomo hapohapo, daraja litajwe hapohapo. Kama mnahofia chumvi yangu, mlazeni zizini usiku mmoja kwa gharama zenu, mpimeni alfajiri chumvi ikiwa imeshakojolewa. Semeni bei kwa sauti, miguu na utumbo vikiwemo. Kisha acheni geti wazi nyuma yangu kwa dakika tano.

Jumamosi iliyopita nilimpeleka Katibu mnadani, kwa sababu maksai mmoja halimi na karo haingoji siku 14 za kazi. Mchuuzi yuleyule alikuja. Alimbinya mkia, akahesabu meno, akatikisa kichwa. Akasema, "Mwalimu, kiwandani wamekulipa?" Watu wakacheka hadi nyama choma zikaungua. Akataja 850,000. Nikavuta kamba. Tulirudi jioni, Katibu mbele, mimi nyuma, tukasimama bwawani akanywa, safari hii bila nia mbaya.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu Mstaafu, mwenye nira ya maksai mmoja.

Nakala: Mchuuzi, mnadani Igunga. Kwa taarifa, na kwa swali: ile bei ya 930,000, kwa Katibu haiwezi kurudi?