Namna ya Kujisifu kwa Wakubwa wa Kimethodisti

Mkatoliki ana Nyerere, na akishaanza hakuachii upumue. Wewe Mmethodisti usikubali kunyamazishwa. Anza na Mandela, hata kama watu walikuwa wakizungumzia bei ya unga. Alibatizwa kwetu. Alisoma Clarkebury na Healdtown, shule zetu. Mwaka 1998 alipomwoa Graça Machel, aliyefungisha ndoa ni askofu wetu, Mvume Dandala. Rudia "yetu" na "wetu" mpaka wasikilizaji wadhani nawe ulikuwa Robben Island.

Kisha wapeleke Liberia kwa Ellen Johnson Sirleaf, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa rais barani Afrika, mshindi wa Nobel ya Amani mwaka 2011. Hapo funga breki. Ukirudi nyuma kidogo utakutana na William Tubman, mhubiri wetu mlei, aliyeshika urais mwaka 1944 na kufia humo mwaka 1971. Wahubiri wasiotazama saa tunao, ila huyu alizidi.

Daftari la ushirika, kwa kazi hii, huandikwa kwa penseli. Kiongozi akifanya vyema, hayo ni malezi ya kanisa. Akivuruga, alikuwa anahudhuria tu. Jifunze kwa Margaret Thatcher: binti wa Alfred Roberts, mwenye duka na mhubiri wetu kule Grantham, aliyefunga ndoa katika kanisa la Wesley jijini London mwaka 1951, na baadaye akawa anasali na Waanglikana. Mbele ya mfanyabiashara, sema ni zao la shule yetu ya Jumapili. Mbele ya mchimba makaa ya mawe, sema alihama zamani sana.

Marekani ni tamu kwa sababu unapata chama chochote unachotaka: George W. Bush na Dick Cheney huku, Hillary Clinton kule, wote Wamethodisti. Ila usiguse Iraq. Maaskofu wao walipinga vita ile, na mwaka 2003 Bush akaenda vitani vilevile, kama mzee wa kanisa asikiavyo tangazo la usafi wa Jumamosi.

Ukiulizwa kama askofu anafaa siasa, badilisha mada. Wetu kule Zimbabwe, Abel Muzorewa, alikuwa waziri mkuu mwaka 1979. Uchaguzi wa 1980 ukampa viti 3, Mugabe 57. Mchungaji wetu Canaan Banana alifaulu zaidi, akawa rais wa kwanza wa Zimbabwe, na mwaka 1982 ikatungwa sheria ya kuzuia watu kulifanyia mzaha jina lake. Litamke ukiwa umekaza uso.

John Wesley mwenyewe usimwite shahidi. Utumwa aliupinga kweli, lakini mwaka 1775 aliwaandikia Wamarekani akiwataka wamtii mfalme. Rais wa nchi iliyopigania uhuru atamweka wapi?

Kwetu Kenya kazi ni nyepesi. Mheshimiwa akija kwenye harambee ya mabati, mpeni kiti cha mbele na mumwite mwana wa kanisa. Kanisa gani? Litajulikana bahasha ikifunguliwa.

Palipo pagumu ni Kongo. Patrice Lumumba alipita katika shule ya misheni yetu, Wembo Nyama. Moïse Tshombe naye alisomeshwa na wamisionari wetu, na Julai 1960 akaitenga Katanga. Tarehe 17 Januari 1961 Lumumba aliuawa hukohuko Katanga, chini ya serikali ya Tshombe. Penseli yako hapo haina la kufuta: ukimdai mmoja, mwenzake anaingia naye mlangoni. Nimewaona Wamethodisti hodari wakifika hapa na kuanza kukohoa.

Wewe usikohoe. Mkatoliki akikutajia Tshombe, mtajie Mobutu, aliyesomeshwa na mapadre. Utashangaa atakavyokumbuka ghafla kwamba ana kikao cha jumuiya.