Sifa za Tope la Sabaki

Wapo wanaowasifu masultani. Mimi namsifu Tope, mgeni wetu wa kudumu hapa Malindi. Huanza safari Ukambani, akapita Tsavo bila kuulizwa kitambulisho, mpaka mto Sabaki unapoingia baharini. Hapo akionja chumvi tu, chembe zake hushikana, akatua. Kaskazi ikivuma huja kwetu. Kusi ikivuma huenda zake upande wa Ngomeni.

Ni mnyenyekevu, daima yuko chini. Ni mwaminifu: akishika kanzu ya Ijumaa haiachi, sabuni itake isitake. Na huruma zake kwa matumbawe! Huyafunika shuka gubigubi yasije yakaunguzwa na jua.

Lakini yote hayo si kitu mbele ya ukarimu wake. Tope ndiye mgawa ardhi pekee ninayemjua ambaye hajaomba chai. Hana fomu, hana foleni, hana “njoo kesho, mkubwa yuko mkutanoni”. Hupima mara mbili kwa siku, maji yakijaa na yakipwa, hata Idi hafungi ofisi. Babu yangu alifunga dau lake kwenye mnazi uliokuwa ukilambwa na mawimbi. Mnazi ungalipo; bahari imeshahama. Hoteli zilizojengwa ili mgeni alale akisikia mawimbi, sasa mgeni huyo huvuka jangwa dogo kwanza ndipo alowe miguu. Wala Tope hakupi ardhi kavukavu: huinyunyizia ulanga unaometameta, kama anayepamba bibi harusi.

Haya. Juzi dau langu lilikwama humo, samaki wakaniozea nikingoja maji. Kuinua macho, naona nguzo na waya. Pale mwanangu alipojifunzia kuogelea pana hati miliki! Tope halijakauka, wino umeshakauka.

Tumbawe moja la hapa, la miaka 300, lilichunguzwa na wataalamu. Likaonyesha kwamba kati ya 1700 na 1900 udongo ulioletwa na Sabaki ulikuwa karibu ule ule. Tangu 1900 unazidi tu. Huko juu milima inavuliwa miti, inalimwa bila matuta, na hakuna anayeulizwa. Huku chini mtu anangoja na kalamu.

Bwana mwenye hati, kama unasoma haya: dau langu limo ndani ya uzio wako. Siku ya bamvua, tafadhali nifungulie geti.