Anatafutwa Mtu wa Kufungwa

Muulize mwanamume yeyote wa Dar es Salaam kwa nini siku hizi hachezi bao, atakwambia hana mtu wa kucheza naye. Yule aliyekuwa akimfunga kila jioni kahamia Mbagala, mwingine kapata kazi Dodoma, na waliobaki kijiweni hawana kiwango. Mimi na binamu yangu tukaona hapo pana biashara. Yeye anaandika programu za simu. Mimi napanga zitakavyoonekana, kitufe kikae wapi na kiseme nini. Ya kwetu ingekuwa hivi: unaingia, unachagua bao, drafti, dhumna au karata, na simu inakutafutia mwenzako aliye karibu. Kama kuita bodaboda.

Tulianza na suala la kiwango. Kuna bao la kujifunza, ambalo kete zote 64 hugawanywa mbilimbili kwenye mashimo 32 kabla ya kuanza, na kuna bao la kiswahili lenyewe, ambalo kila mmoja anaanza na kete 22 mkononi, akizinamua moja moja. Huwezi kumkutanisha mtu wa lile la kwanza na mzee aliyeota mvi akicheza hili la pili. Tukaweka swali: "Wewe ni mchezaji wa kiwango gani?" na majibu manne, kuanzia anayejifunza hadi fundi. Wote waliojiandikisha walikuwa mafundi. Kijana mmoja fundi alimpigia simu mpinzani wake akiwa njiani kwenda kucheza, akamuuliza nyumba ni shimo lipi.

Binamu yangu, ambaye ana imani kubwa na hesabu, akasema watu wasijipime wenyewe, kazi hiyo tumwachie Arpad Elo. Huyu alikuwa profesa wa fizikia Marekani, mzaliwa wa Hungaria, aliyebuni namna ya kuwapanga wachezaji wa sataranji kwa alama: ukimfunga aliye juu yako unazoa nyingi, ukimfunga wa chini unaambulia chache, na wewe ukipanda mwenzako anashuka. FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, liliupokea mfumo huo mwaka 1970. Ni mfumo mzuri, ila una sharti moja: lazima apatikane aliyefungwa.

Basi mchezo ukiisha, simu ilikuletea vitufe viwili, "Nimefunga" na "Nimefungwa". Hicho cha pili nilikipaka kijani kibichi, makusudi, mtu asione uchungu. Hakuna aliyekigusa. Kila mchezo uliripotiwa na washindi wawili. Tukaanza kupiga simu kuuliza. Mmoja alikuwa yuko mbioni kushinda, mvua ikanyesha. Mwingine hakufungwa, aliachia kwa kuheshimu umri wa mwenzake. Wa tatu alishangaa kusikia kwamba ule ulikuwa mchezo. Yeye alijua wanapasha moto misuli. Hapo nikaelewa biashara yetu ilikokwama. Wateja wetu hawakuwa wakitafuta mtu wa kucheza naye. Walikuwa wakitafuta mtu wa kumfunga, na mtu huyo hajiandikishi.

Ya mahali na saa nayapitia haraka, maana yananipandisha presha. Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022 iliipa namba nyumba, si mwembe, na drafti huchezwa chini ya mwembe. Hivyo ramani yetu ilijaa maelezo ya "hapo kwa fundi cherehani, ukifika uliza". Simu iliandika 10:00: aliyeisoma saa kumi alifika jioni, aliyeisoma saa nne alifika asubuhi, akasubiri, akaondoka na hasira. Na kwenye swali la "Una bao?" watu walijibu ndiyo kwa moyo mweupe. Bao wanalo. La mmoja wao liko kwa kaka yake Kigamboni.

Lakini lililotikisa kampuni ni ule ujumbe. Niliutunga mimi na hadi leo nautetea: ni mfupi, unaeleweka, hauna kosa la sarufi. "Kuna mtu karibu nawe anataka kucheza nawe usiku huu. Uko tayari?" Uliingia kwenye simu ya mteja wetu mmoja wakati yeye yuko bafuni na simu iko kwa mkewe. Namba ya huduma kwa wateja ni yangu.

"Ni wewe unayewatafutia waume za watu watu wa kucheza nao usiku?"

"Shemeji, ni drafti."

"Ushemeji wetu umeanza lini?"

"Samahani, dada. Ni drafti. Ile ya vizibo vya soda."

"Na huyo mwenye vizibo hana jina?"

Nikaangalia kwenye kompyuta. Alikuwa amejisajili kwa jina la Mtoto Mzuri wa Sinza. Nilimweleza dada huyo kwamba Mtoto Mzuri ni kondakta mstaafu wa daladala, ana wajukuu, na ana matatizo ya mgongo. Akaniuliza mgongo wake nimeujulia wapi.

Programu bado ipo, na kitufe chake kinachotumika kuliko vyote hatukukibuni sisi. Babu mmoja wa kijiwe cha Magomeni alituuliza, "Sasa sisi tusiocheza tunabonyeza wapi, wanangu?" Tukaweka "Natazama". Wakajiandikisha wengi kuwashinda wachezaji, wote wakiwa na maoni. Juzi kulipangwa mchezo huko huko Magomeni. Mchezaji mmoja akakwama kwenye foleni ya Jangwani, mwingine akaghairi. Watazamaji walifika wote. Walibishana mpaka adhana ya magharibi kuhusu nani angemfunga nani, na kwa hatua gani, na usiku huo huo wawili kati yao wakatuandikia kudai alama zao.