Sifa za Halmashauri Mfanyabiashara

Kila mwaka hutolewa orodha ya matajiri, na kila mwaka anarukwa mfanyabiashara mmoja shupavu kuliko wote. Amewahi kumiliki mabasi, masoko, stendi, kumbi za starehe, bendi ya muziki na timu za mpira. Hajawahi kukosa usingizi kwa ajili ya marejesho, wala kuuza kiwanja cha urithi ili kuokoa duka. Mfanyabiashara huyo ni halmashauri, na leo tuipe haki yake.

Kanuni yake ya kwanza ni ya mtaji, maana hapo ndipo wengi wetu tunapokwama. Mama lishe akitaka kuongeza sufuria hucheza upatu miezi sita, na zamu yake ikifika mtoto anaugua. Halmashauri huanza na kikao. Andiko husomwa, posho husainiwa, mradi hutangazwa kuwa wa kimkakati, mikono hunyooshwa. Fedha zinaweza kutoka mapato ya ndani, Hazina au mfuko wa pensheni. Uzuri ni kwamba hazitoki mfukoni mwa hata mmoja wa walionyoosha mikono. Ndiyo maana halmashauri ina ujasiri ambao mama lishe hataupata kamwe.

Ushahidi wa ujasiri huo umesimama Ilala, jirani na Uwanja wa Karume. Jengo la Machinga Complex lilikamilika mwaka 2010, Jiji la Dar es Salaam likiwa limekopa NSSF ili kulijenga. Machinga, kama tunavyomjua, anaishi kwa kukutana na mteja ambaye hakupanga kununua. Umeshuka daladala, unawahi nyumbani, soksi zinaning'inia mbele ya pua yako, bei ya kutupa, umeshanunua. Mchuuzi asiye na elimu ya mipango miji angesema kwamba kinachouza soksi zile ni njia ya waenda kwa miguu. Halmashauri iliona mbali zaidi. Iliichukua biashara hiyo, ikaipandisha ghorofani.

Chini walipatikana watu. Juu, kwa miaka mingi, vizimba vilikaa katika utulivu ambao Kariakoo haijawahi kuuonja. Wenye nongwa walisema ni hasara. Lakini ni wapi pengine, katika jiji lenye makelele kama hili, mtu angeweza kukaa na bidhaa zake kutwa nzima bila kusumbuliwa na mteja? Utulivu huo nao haukuja bure: deni, pamoja na riba yake, lilizipanda zile ngazi ambazo wateja walikataa kuzipanda, likapita shilingi bilioni 30.

Usikimbilie kulaani deni hilo kabla hujalitazama vizuri. Mkopeshaji ni mfuko wa akiba za wafanyakazi. Mkopaji ni jiji la wakazi, ambao wengi wao ndio wafanyakazi haohao. Mtu wa kiwandani Ubungo, anayekatwa mchango wake kila mwezi, alilikopesha jiji. Na kwa kuwa ni mkazi mlipa ushuru, yeye huyohuyo ndiye anayedaiwa. Anajidai mwenyewe, tena kwa riba. Wataalamu wa benki wamehangaika miaka mingi kutafuta mdaiwa asiyeweza kutoroka, na kumbe dawa ilikuwa kumfanya awe ndiye mwenye fedha.

Kanuni ya pili ni ya kutafuta wateja. Wengine hutangaza redioni, hutundika bango, hupunguza bei. Halmashauri ina mgambo. Soko jipya likikosa watu, huwafuata walipo alfajiri, kwa rungu na gari la kubebea meza. Nani mwingine katika biashara ana nafasi kama hiyo? Ni mwenye duka, ndiye anayetoza ushuru wa duka la jirani, ndiye anayempa jirani leseni, na siku akiamka vibaya ndiye anayemfungia kwa uchafu. Ushindani wa aina hii hauchoshi.

Wala usidhani machinga amenyimwa uhuru wa kuchagua. Mwishoni mwa 2018 Serikali ilianza kumuuzia kitambulisho cha shilingi 20,000 ili afanye kazi zake bila bughudha, hata kama ni barabarani, hatua chache kutoka kwenye jengo lililojengwa ili asikae barabarani. Mwaka 2021 akaondolewa barabarani. Kwa hiyo amelipa ili akae nje, amejengewa kwa mkopo ili akae ndani, na amehamishwa ili apangiwe pa kukaa. Mteja aliyehudumiwa kwa upana huo hana haki ya kulalamika kwamba hajauza.

Kanuni ya tatu ni ukarimu kwa washindani. Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA, liliundwa mwaka 1974, shirika la umma ambalo Jiji lilikuja kumiliki asilimia 51 ya hisa zake. Mabasi yakapungua, vituo vikafurika, watu wakaanza kupakiana katika magari ya mitaani, hadi mwaka 1983 magari ya watu binafsi yakaruhusiwa rasmi. Hivyo ndivyo sekta nzima ya daladala ilivyozaliwa. UDA haikutumia hata senti moja kuitangaza. Ilichofanya ni kutofika kituoni. Mwenye Coaster yake leo, badala ya kununa juu ya tozo za stendi, amkumbuke mzazi huyo katika dua zake. Hisa zenyewe baadaye zilikwenda kwa mwekezaji binafsi, katika mauzo yaliyowapa Bunge na wakaguzi kazi ya miaka. Ajira nayo ni faida.

Haki inataka tutaje na madoa, maana rekodi hii si safi kabisa. Zipo nyakati ambapo biashara ya umma ilifanikiwa. Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC, lililokuwa la Jiji, lilikuwa na kumbi zake Kariakoo na Magomeni Kondoa, na mwaka 1983 likaichukua Mlimani Park, Sikinde, bendi iliyoanza 1978. Watu wakajaa ukumbini kwa miguu yao wenyewe, wakalipa kiingilio wakicheka, bila mgambo hata mmoja kuwasukuma. Mbeya nako kulitokea utovu wa nidhamu kama huo. Timu ya halmashauri ya jiji, Mbeya City, ilipanda Ligi Kuu, na katika msimu wake wa kwanza, 2013/14, ikamaliza ya tatu nyuma ya Azam na Yanga. Simba ilikuwa ya nne. Bahati njema utaratibu ulirejea, na msimu wa 2022/23 timu ikashuka daraja.

Wengine hawakukatishwa tamaa na mafanikio hayo. Kinondoni ina KMC, Dodoma ina Dodoma Jiji. Mkazi anayeuliza kwa nini mtaro wa mtaani kwake haujazibuliwa anaweza kujibiwa sasa, kwa ukweli mtupu, kwamba kuna mechi ya ugenini. Hata ile mikopo isiyo na riba, asilimia 10 ya mapato ya ndani, ilipangwa kiwanjani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mfumo ulipendeza kwenye karatasi, mpaka wakaguzi walipohesabu wachezaji wakakuta vikundi vingine ni hewa, na Aprili 2023 Serikali ikausimamisha mchezo kwa muda.

Lakini kilele cha uongozi wa kampuni kilifikiwa tarehe 24 Februari 2021. Siku hiyo Rais John Magufuli alizindua stendi kuu ya mabasi Mbezi Luis, iliyopewa jina lake na iliyogharimu zaidi ya shilingi bilioni 50. Siku hiyohiyo akaivunja Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, na hadhi ya jiji ikahamia Ilala. Wakurugenzi wa kampuni kubwa huwalipa mawakili miaka nenda rudi watafute namna ya kuachana na maamuzi yao ya zamani. Jiji lilitoweka kabla vipande vya utepe havijaokotwa. Na mabasi, yakiona mfano huo wa kujiamulia mambo, mengine yakaendelea kupakia abiria kwenye ofisi zake Shekilango kana kwamba stendi ni ushauri tu.

Wapo watakaouliza: nani anajibu? Swali hilo limeshapangiwa utaratibu mzuri. Kila mwaka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu anaandika hoja, na Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa inamwita mkurugenzi azijibu. Mkurugenzi aliyeanzisha mradi ameshahamishwa. Anayejibu ni mpya, na kila jibu lake linaanza na "nilipofika nilikuta". Yule wa zamani naye hajakaa bure. Yuko wilaya nyingine anajibu kuhusu mradi alioukuta huko. Kwa njia hii kila mradi una mtu wa kuueleza, na hakuna mtu anayebebeshwa mzigo wa kuwa aliuamua.

Na usichanganye hasara na hati. Hati safi ya ukaguzi inasema kwamba vitabu vimeandaliwa inavyotakiwa. Haisemi kwamba ulikuwa na akili ulipojenga. Hasara iliyoandikwa vizuri, ikawekewa vocha na stakabadhi, inapata hati safi na keki ya pongezi. Faida isiyo na stakabadhi inapata hati yenye mashaka. Chini ya sheria hizo, mtu mwenye busara atachagua hasara.

Ninalo pendekezo moja tu. Katika kampuni yoyote mwenye hisa hupewa cheti, hualikwa mkutano mkuu, husomewa mahesabu na hupiga kura ya kumwondoa mkurugenzi. Sisi wakazi ndio wenye hisa wa biashara hizi zote, na hatuna hata karatasi ya kuonyesha tumepoteza kiasi gani. Halmashauri itoe vyeti, kisha ituite tusikie mahesabu ya kila mradi, jina la aliyeuamua na mahali alipo sasa. Mahali pa kukutania pasiwe tatizo, maana stendi tuliyoijenga sisi wenyewe ina nafasi ya kututosha. Tutafika mapema, tutapanga foleni, na kila mwenye hisa atalipa kiingilio chake getini.