Namna ya Kuotesha Klova Nachingwea Bila Kumuuliza Mtu

Wakati mzuri wa kununua mbegu za klova ni pale malipo ya korosho yanapoingia kutoka AMCOS, chama chetu cha ushirika. Mfuko ukiwa mzito, jicho huona kijani hata kwenye udongo mwekundu wa Nachingwea. Tafuta picha ya ng'ombe wa Uholanzi aliyezama magotini katika majani matatu-matatu, iweke kwenye simu, kisha agiza.

Aina zipo nyingi. Klova nyeupe ndiyo ya bustani na malisho: hutambaa, huvumilia kukanyagwa, na mizizi yake ni mifupi. Mizizi mifupi inafaa sana mahali penye mvua mwaka mzima. Hapa kwetu Marambo, wilayani Nachingwea, mvua huja Desemba, na ikiondoka Aprili au Mei haiagi mtu. Klova nyekundu huzama zaidi, ila mbegu zake hutegemea nyuki wanene wenye ulimi mrefu. New Zealand walikwama hapohapo, wakalazimika kuagiza nyuki hao Uingereza na kuwafungulia mwaka 1885. Nawe ongeza nyuki kwenye oda yako. Halafu ipo ile inayopendwa na Waaustralia: ikishachanua huinamisha vichwa na kuzika mbegu zake ardhini. Ukimsimulia mkulima wa Ruangwa maajabu haya, atakusikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha atakuonyesha shamba lake la karanga.

Kuhusu kuandaa shamba, wilaya hii ilishapata walimu. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wao wa karanga Tanganyika, uliofika Kongwa, Urambo na hapa Nachingwea. Hesabu zao za karatasini zilivuka ekari milioni 3. Walileta matrekta, na vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta, wakajenga na reli kutoka upande wa bahari. Kuuliza mvua inanyesha lini, na udongo ukikauka unakuwaje, wakakuweka mwisho. Januari 1951 mradi ulivunjwa, pauni zaidi ya milioni 35 zikiwa zimekwenda. Reli nayo ikaja kung'olewa. Na hiyo ni karanga, mmea unaopenda joto! Wewe unaleta wa baridi, kwa hiyo nafasi ya kuwapita unayo.

Kusia ni kazi nyepesi. Mbegu ni ndogo mno. Kilo 3 hivi kwa hekta zinatosha, na usizifukie zaidi ya sentimeta moja. Kumbuka bakteria wa mizizini: wa klova ni wachaguzi, si hawa wanaohudumia kunde na karanga bila kuombwa. Wanunue nao, la sivyo umeotesha nyasi ya bei mbaya.

Mahali? Wengine watapendekeza chini ya mikorosho. Wazo zuri, maana korosho huokotwa chini, na mwokotaji hufurahi sana kuzitafuta ndani ya zulia. Bahati njema, Oktoba korosho zinapoanguka zulia litakuwa limeshageuka vumbi. Mbele ya nyumba napo kuna bibi. Kwake uwanja ni ardhi iliyofagiliwa mpaka ikang'aa, na kijani chochote karibu na mlango ni kitanda cha nyoka. Usibishane naye. Atakusikiliza mchana, na alfajiri utasikia jembe.

Ila kama una mbuzi, na Septemba wanakutazama vibaya, basi tuzungumze kama watu wazima. Kusanya majani ya karanga siku ya kung'oa, yaanike kivulini, yahifadhi juu ya kichanja. Ni chakula bora kuliko nyasi yoyote kavu, na wengi wetu tunayachoma. Mbaazi hubaki kijani mahindi yakishakauka, na mbuzi analijua hilo kabla yako. Fiwi hupanda juu ya mabua. Ukitaka malisho ya kusia hasa, tafuta stailo: huvumilia udongo maskini na kiangazi kirefu, na ina ndugu yake anayeota porini Afrika. Gamba la mbegu zake ni gumu, hivyo zitie kwanza maji ya moto yasiyochemka, kwa dakika chache tu, kisha zisie mvua ikishatulia.

Pakiti ya klova usiitupe. Mpe mtu anayepanda basi kwenda Makete. Huko Kitulo, juu ya meta 2,500, ng'ombe wa maziwa wanavaa baridi mwaka mzima, na hakuna atakayekuuliza risiti.