Waraka kwa fundi aliyepiga windo laptopu yangu

Ndugu fundi,

Sitaji jina lako wala duka lako, kwa kuwa ninayokuandikia yanawahusu mafundi wengi, wa Mpanda na wa kwingineko. Mikono yako ni myepesi, nimeiona. Masikio ndiyo yaliyonitia shaka: nilikueleza shida yangu kwa dakika kumi, ukanisikiliza moja.

Nilitoka Kasansa alfajiri, nikapita Kibaoni, nikavuka hifadhi ya Katavi hadi Sitalike, kisha kwako Mpanda, laptopu nimeipakata mapajani isipate mtikisiko. Ni ya mwaka 2015, Core i3 ya kizazi cha tano, ramu GB 4, na diski kuu ya zamani ile inayozunguka. Kilichonileta ni tarehe: 14 Oktoba 2025, Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10, nami nikaogopa kubaki bila kinga. Hofu yangu ilikuwa ya haki. Tiba uliyonipa, Windows 11, ndiyo haikuwa yake.

Windows 11, kwa mashine za Intel, inataka prosesa ya kizazi cha nane kwenda mbele na usalama wa TPM 2.0. Yangu haifiki huko, na wewe ulijua, maana ulitumia fleshi iliyoandaliwa kuruka ukaguzi huo. Hukuniambia kwamba mashine iliyowekewa Windows 11 kwa njia hiyo haina uhakika wa kupata masasisho; Microsoft wenyewe wametamka hivyo. Basi nimelipa fedha kulikimbia tatizo, nikarudi nalo nyumbani.

Na mashine ikawa nzito. Nilikuwa nikiiwasha, nabandika chai jikoni. Chai inachemka, taa ya diski bado inapepesa. Nilipoandika swali la mtihani, herufi zilifuata nyuma yangu mojamoja.

Ungeweza kuniambia kwamba Windows 10 yenyewe ilikuwa na muda wa nyongeza wa masasisho ya usalama hadi 13 Oktoba 2026, kwa dola 30, au bila malipo kwa anayekubali mipangilio yake ihifadhiwe kwenye akaunti ya Microsoft. Ungeweza kunishauri nibadilishe diski kuu niweke SSD, maana mashine nyingi za umri huo uzito wake uko kwenye diski. Au ungenionyesha Linux Mint ya Xfce: ni ya bure, GB 4 zinaitosha, na toleo la 22 linahudumiwa hadi 2029. Inajaribiwa kutoka kwenye fleshi bila kufuta chochote, mteja akaiona kwa macho kabla ya kuamua. Huja na LibreOffice, ambayo chimbuko lake ni OpenOffice, ileile ambayo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliitolea toleo la Kiswahili mwaka 2004. Kwa mwalimu anayechapa mitihani na kujumlisha alama, hiyo ni kazi tosha.

Hayo yote ningeyameza. Lililoniuma ni sehemu ya D ya diski. Windo hukaa C. D haikuwa na sababu ya kuguswa. Humo mlikuwa na alama za wanafunzi wangu za miaka mitatu na picha za mazishi ya mama. Ulifuta zote bila kuuliza, na nilipokuuliza ukanijibu kwamba windo mpya inataka diski safi. Fundi, jibu hilo si la kweli, na nadhani unalijua.

Siku niliyogundua niliizima, na sijaiwasha tena, kwa sababu faili lililofutwa huweza kuokolewa kama hakijaandikwa kitu kingine juu yake. Shule zikifungwa nitakuja nayo Mpanda. Kama unayo programu ya kuokoa faili, naomba tukae pamoja tuijaribu, na ada yako halali nitalipa. Na mteja utakayemkuta mbele yangu kwenye foleni, tafadhali, kabla hujachomeka fleshi, mwulize ana nini kwenye D.

Wako,
Mwalimu, Kasansa